Barua kwa Yaya wa Walungu: Uwanja wa Mwisho wa Mbwa London

Tottenham, London

Yaya,

Barua hii nimempa ndugu mmoja wa Kadutu anayerudi Bukavu, aifikishe mkononi mwako, maana niliyoyakusanya hayaenei kwenye ujumbe wa simu. Najua njia ya Bukavu hadi Walungu siku hizi haina ahadi. Ikichelewa, isome tu, habari zake hazitachacha.

Tulipozungumza mara ya mwisho uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kama ni kweli Wazungu wanafunga viwanja vyao vya mbio za mbwa. Pili, kama wale mbwa uliowaona kwenye picha, wenye mbavu za kuhesabika, wananyimwa chakula ili wakimbie vizuri. Uliuliza kama mtu anayefuga mbwa na kuwajua, si mtu wa kupitisha wakati, kwa hiyo nilitaka kwenda kuona kwa macho yangu kabla ya kukujibu.

Nianze na mbavu, maana najua ndizo zilizokukaa moyoni. Mbwa huyu hana njaa, yaya. Ndivyo alivyoumbwa. Kifua chake kimeshuka chini, kirefu, chenye nafasi ya moyo mkubwa na mapafu; tumbo limepanda juu; mapaja ya nyuma ni mazito, na ngozi ni nyembamba hata mishipa inaonekana. Mafuta chini ya ngozi hana, ndiyo sababu wakati wa baridi humvika koti. Dume mzima hufika kilo 30 na zaidi. Akinyoosha miguu anapita kilomita 60 kwa saa. Lakini ni mbwa wa macho. Wale wa kwetu wanaoingia kwenye matete na kengele shingoni kumtafuta simbiliki hutumia pua, masikio na akili, tena wanajua sauti ya anayewaita. Huyu wa huku huona kitu kinakimbia, naye hukimbia, na baada ya nusu dakika kazi yake imekwisha. Waliomweka nyumbani wananiambia muda mwingi uliobaki hulala. Nimewashika kadhaa kichwani. Ni wapole, hawana kelele, na ukisimama karibu nao wanakuegemea pajani.

Sasa safari yenyewe. Kutoka kwetu Tottenham nilichukua treni ya Seven Sisters hadi Liverpool Street, nikapanda nyingine ya kwenda mashariki mpaka Romford, kisha nikatembea kwa miguu kwenye barabara inayoitwa London Road. Ni mtaa wa nyumba za kawaida za matofali, zina bustani ndogo mbele, na katikati yake ndipo penye uwanja. Mgeni anaweza kupita asijue. Uwanja ulianzishwa mwaka 1929, na tangu Januari 2025, ulipofungwa ule wa Crayford upande wa kusini-mashariki, huu wa Romford ndio pekee wenye leseni uliobaki katika London yote. Jiji hili wakati mmoja lilikuwa na viwanja vya mbwa kila upande.

Ndani kuna pete ya mchanga, imezungushiwa uzio, na taa kali juu yake. Kabla ya kila mbio, mbwa sita wanatembezwa mbele ya watu, kila mmoja na mshikaji wake aliyevaa koti. Kila mbwa ana fulana ya rangi, na rangi hizo hazibadiliki popote Uingereza: namba 1 nyekundu, 2 buluu, 3 nyeupe, 4 nyeusi, 5 ya chungwa, 6 mistari myeusi na myeupe. Sikioni ana chale za wino zenye alama ya usajili wake, kama sisi tunavyotia alama ng'ombe ili asipotee kwa jirani. Wanaingizwa kwenye vizimba sita vilivyopangwa mstari mmoja, mlango unafungwa nyuma yao. Hapo wanaanza kulia. Usifikiri ni kubweka; ni sauti nyembamba ya kutaka kutoka, maana wamesikia sungura wa bandia anakuja kwenye reli yake, kitambaa kilichofungwa kwenye mtambo wa umeme. Sungura anapita, milango inaruka juu, na mbwa sita wanatoka pamoja.

Mita 400 za Romford huisha kwa sekunde 24 hivi. Ukipiga chafya umekosa kona ya kwanza, na kona ya kwanza ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kwa sababu mbwa sita wanataka kupita mahali penye nafasi ya mbwa wawili. Pale ndipo wanapogongana. Mbio ya pili niliyoiangalia, mmoja alisukumwa akaanguka, akabingirika mchangani, akainuka akichechemea. Msichana mmoja alikimbia kumchukua. Watu waliokuwa karibu yangu walikuwa wanamtazama aliyeshinda, na haikuwa ubaya wa moyo, kwani macho ya mtu hufuata dau lake. Mimi nilimfuata yule wa kuchechemea mpaka akaingizwa mlango wa chini, na mbio zilizofuata sikuzifurahia sana.

Lakini nisikuonyeshe upande mmoja tu. Nilikaa na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, kalamu mkononi, kitabu cha ratiba kimejaa alama zake. Aliniona nashangaa akaanza kunifundisha kusoma takwimu: mbwa huyu anapenda kukimbia ndani karibu na reli, huyu anatanuka nje, huyu ameshuka uzito wiki hii. Ilikuwa elimu kamili, yaya, na aliitoa bila kunidai kitu. Baba yake alikuwa akimleta akiwa mtoto, baada ya kazi ya kiwandani, na jioni ile ilikuwa sherehe ya familia: chips, bia ya baba, senti kidogo za dau kwa kila mtoto. Nilimwuliza viwanja vingine wamekwenda wapi. Akaanza kuvitaja kwa vidole, na vidole vikamwishia.

Nitakutajia vichache, maana kila kimoja kina hadithi. White City kilijengwa kwa Michezo ya Olimpiki ya 1908, kikawa makao makuu ya mbio za mbwa tangu 1927, kikafungwa 1984 na kuvunjwa, na shirika la BBC likajenga ofisi zake pale. Harringay kiko karibu nami kabisa. Kilifunguliwa 1927, kikafungwa 1987, na leo ni supamaketi ya Sainsbury's. Miaka yote hii nimenunua mchele na mafuta juu ya uwanja wa mbwa bila kujua, na hakuna ajabu, kwa sababu huoni chochote cha kukuambia. Walthamstow kilijengwa 1933 na familia moja iliyokiendesha vizazi kwa vizazi. Kilifungwa Agosti 2008, nyumba za kuishi zikajengwa ndani, ila ukuta wa mbele wenye taa za neoni ulibakizwa kwa sheria ya kulinda majengo. David Beckham, alipokuwa mvulana, alipata kazi yake ya kwanza pale, kuokota bilauri mezani. Wimbledon kilifungwa Machi 2017, na mahali pake sasa pana uwanja wa mpira wa AFC Wimbledon.

Kwa kuwa tumegusa mpira, sikiliza hii, kisha uwasimulie wazee wa timu ya OC Muungano. Kombe la Dunia la 1966 lilichezwa hapa Uingereza, na uwanja mkuu ulikuwa Wembley. Ijumaa tarehe 15 Julai Uruguay ilipaswa kucheza na Ufaransa. Wembley haikupatikana. Kila Ijumaa usiku palikuwa na mbio za mbwa, na mwenye uwanja alikataa kuziahirisha. Kombe la Dunia likahamishwa! Uruguay na Ufaransa wakaenda kuchezea White City, Uruguay ikashinda 2–1. Hapo utapima mwenyewe mbwa hawa walikuwa na uzito gani mjini. Leo hata mtoto wa Tottenham hajui kwamba walikuwapo.

Walipataje uzito huo? Si desturi ya kale kama mtu angedhani. Zamani mabwana wenye ardhi walikuwa wanawaachia mbwa wawili sungura hai shambani, wakashindanisha nani anamgeuza vizuri. Mmarekani Owen Patrick Smith, aliyechukizwa na kuuawa kwa sungura, alihangaika miaka mingi kutengeneza sungura wa mtambo, na mwaka 1919 akafungua uwanja Emeryville, California. Wazo likavuka bahari. Tarehe 24 Julai 1926 mbwa wa kwanza walikimbia Belle Vue, Manchester, mbele ya watu 1,700 hivi. Wiki chache baadaye walikuwa zaidi ya 10,000 kwa jioni moja.

Sababu ilikuwa mfanyakazi. Mbio za farasi zilikuwa mbali na mji, mchana, siku ya kazi. Mbwa walikimbia usiku, chini ya taa, umbali wa kutembea kutoka kiwandani. Na sheria ya wakati ule ilimkataza maskini kuweka dau la pesa taslimu mtaani au dukani. Tajiri aliweza kubeti kwa mkopo kupitia simu, lakini mwenye shilingi mfukoni ilimbidi afike uwanjani mwenyewe. Basi walifika. Baada ya vita kuu ya pili palikuwa na viwanja 77 vyenye leseni nchini, ukiacha vingine vingi visivyo na leseni, na watu waliingia kwa mamilioni.

Walikuwa na mashujaa wao pia. Mkubwa kuliko wote ni Mick the Miller, mbwa wa Ireland, aliyezaliwa katika nyumba ya padri, Father Martin Brophy wa kijiji cha Killeigh. Ndiyo, padri wa parokia, mwenye mbwa wa mbio! Mick alishinda Derby ya Uingereza mwaka 1929 na tena 1930, akaingizwa kwenye filamu, na alipokufa 1939 mwili wake ulihifadhiwa. Yuko hadi leo katika jumba la makumbusho la Tring, kaskazini ya London, amesimama nyuma ya kioo. Ireland bado ndiko wanakotoka mbwa wengi wanaokimbia hapa.

Kuna jambo moja la mwaka 1937 ambalo nimelifurahia kuliko yote, kwa sababu linatuhusu. Mwingereza mmoja, Kenneth Gandar-Dower, alishirikiana na Raymond Hook wa Nanyuki, Kenya, wakawakamata duma, wakawapakia melini, wakawaleta Uingereza wakimbizwe kwenye viwanja vya mbwa. Duma! Waliwekwa karantini miezi sita kwanza. Tarehe 11 Desemba 1937 walikimbia Romford, uwanja huu huu niliosimama. Watu walijaa. Lakini duma hawakuukubali mchezo. Mwindaji wa nyika anajua hesabu zake: akiona mwenzake ametangulia, au mnyama hafikiki, anaacha. Kitambaa kwenye reli hakikuwa na nyama, nao hawakuona sababu ya kujichosha. Biashara ikafa. Mwaka huohuo, hapahapa London, mbwa wadogo wa msitu wa Kongo wasiobweka, wale wenye mkia wa kukunja na masikio wima wanaofungwa kengele wakiwinda, walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, na watu wakagombania kuwaona. Mama Mwingereza aitwaye Olivia Burn ndiye aliyewaleta. Jamii ya mbwa hao sasa iko dunia nzima. Mbwa wa babu zetu amepata makao kwenye makochi ya Ulaya, duma wa Kenya amekataa kudanganywa, na yule wa mbio amebaki kukimbilia kitambaa.

Gandar-Dower mwenyewe alikufa baharini. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Humo mlikuwa na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, mamia kwa mamia ya vijana wetu, pamoja na wauguzi. Walikufa watu 1,297. Nimeliandika hili ingawa halihusu mbwa, kwa sababu ukisoma habari za Romford jina la mtu wa duma hutajwa, na la wale vijana halitajwi.

Turudi kwa mbwa. Kilichoviua viwanja, kwa ninavyoelewa, kilianza na sheria. Tangu Mei 1961 maduka ya kamari yaliruhusiwa mitaani. Mtu hakuhitaji tena kupanda basi na kulipa kiingilio ili aweke dau. Televisheni ikamkalisha nyumbani. Kisha bei ya ardhi ya London ikapanda hata mwenye uwanja akiutazama mchanga wake aliona maghorofa. Uwanja wa mbwa unakula eneo kubwa na unafanya kazi saa chache. Wengi walioniambia "watetezi wa wanyama ndio waliotumaliza" wanasahau kwamba White City, Harringay na Walthamstow viliondoka kwa hesabu ya pesa kabla ya huruma kupata nguvu. Sasa vimebaki viwanja vyenye leseni chini ya 20. Na mbio nyingi leo hukimbizwa asubuhi au mchana, jukwaa likiwa karibu tupu, kwa sababu kampuni za kamari zinalipia picha zipelekwe kwenye maduka na simu. Mbwa anakimbilia kamera.

Huruma nayo imekuja, na nakwambia imekuja kwa haki. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times liliripoti kwamba katika mji wa Seaham, kaskazini, mtu mmoja alikuwa akiwapiga risasi mbwa wazima waliopungua kasi na kuwafukia shambani kwake, kwa malipo ya pauni 10 kila mmoja. Gazeti lilikadiria zaidi ya mbwa 10,000 kwa miaka 15. Unajua alishtakiwa kwa kosa gani? Kufukia taka bila kibali. Faini yake ilikuwa pauni 2,000. Kumwua mbwa wako haraka bila mateso halikuwa kosa. Mwaka 2019 televisheni ya Ireland, RTÉ, ilionyesha kwamba karibu mbwa 6,000 kwa mwaka walikuwa wanauawa kule kwa kutokuwa na mbio za kutosha. Hapa Uingereza bodi ya mchezo sasa inatangaza takwimu zake yenyewe: mwaka 2024 mbwa 123 walikufa viwanjani, na majeraha 3,809 yaliandikwa. Wamejitahidi, siwanyimi hilo. Tangu 2020 kila mbwa anayesajiliwa huwekewa amana ya kumsaidia kupata nyumba anapostaafu, na ni wachache sana kuliko zamani wanaouawa kwa kukosa wa kuwachukua. Lakini ile kona ya kwanza haijanyooshwa, wala haiwezi kunyooshwa.

Basi nchi moja baada ya nyingine inafunga. Florida, iliyokuwa na viwanja 11 kati ya 17 vya Marekani yote, ilipiga kura mwaka 2018. Watu 69 kwa mia walisema basi, na mbio za mwisho zilikimbizwa usiku wa 31 Desemba 2020. Leo Marekani ina viwanja viwili tu, vyote West Virginia. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itakomesha mbio hizo, ikaweka mwisho wake tarehe 31 Julai 2026. Serikali ya Wales nayo ilitangaza marufuku Februari 2025, ingawa ilibakiwa na uwanja mmoja.

Lakini kufunga nako kuna namna zake, na hapa ndipo ningependa unisikilize zaidi. Macau, kule China, kulikuwa na uwanja maarufu uitwao Canidrome. Serikali iliipa kampuni miaka miwili ya kujiandaa kuondoka. Siku ya kuondoka ilipofika, Julai 2018, kampuni iliondoka na kuwaacha mbwa zaidi ya 500 ndani ya mabanda. Chama cha hapo cha kutetea wanyama, Anima, kiliingia kuwalisha, kuwaosha na kuwatafutia nyumba Hong Kong, Ulaya na Marekani, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Uwanja unafungwa kwa saini ya siku moja, na mbwa wa miaka mitatu ana miaka mingine kumi ya kula. Yeyote anayepiga kelele "fungeni" bila kuuliza mabanda yana mbwa wangapi, simwelewi, hata kama niko upande wake.

Niliwatembelea pia waliostaafu. Kuna makao kwenye viunga vya mji ambako watu wa kujitolea huwatembeza Jumamosi, mtu yeyote anakaribishwa, na nilipewa kamba ya mbwa mweusi wa miaka mitano. Mbwa huyo hakuwahi kuishi ndani ya nyumba. Waliniambia wengi wao wakiingia nyumba ya mtu mara ya kwanza wanaogopa ngazi, wanaogopa kioo, hawajui mlango wa jikoni unafungukaje. Alikuwa na jina refu la mashindano lililoandikwa kwenye karatasi zake, lakini ukimwita hageuki. Bandani alikuwa na jina jingine fupi, na hilo hakuna aliyekuja nalo. Yaya, hapo nilinyamaza. Mbwa wetu wa kuwinda maisha yake si laini, anakula maganda na mabaki ya bugali, analala nje kwenye mvua ya Aprili. Lakini baba alipoita, walikuja. Na yule aliyezeeka, aliyepofuka jicho, hakuwahi kuulizwa amekamata nini siku hiyo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ndiyo, wanafunga, na ni vizuri wafunge. Namsikitikia mzee wa kofia ya sufu, kwa kweli, maana anapoteza jioni zake na elimu yake haina tena wa kuirithi. Ninatamani wangemtafutia mahali pa kukaa na wenzake. Lakini starehe inayohitaji mbwa 123 wafe uwanjani kwa mwaka mmoja haistahili kuokolewa.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la huko kwetu. Mchezo huu ukifa kwenye mchanga, unafufuka kwenye kioo. Nilipopita Kampala niliingia duka la kamari kumsubiri rafiki, nikakuta vijana wamekaa mbele ya televisheni wakishangilia mbwa sita wenye fulana zilezile, nyekundu, buluu, nyeupe. Hawakuwa mbwa. Ni picha za kompyuta. Mbio mpya kila baada ya dakika chache, kutwa nzima, na mshindi huchaguliwa na mashine. Pale hakuna mbwa wa kuvunjika mguu, na hilo ni jema. Ila mzee wa Romford huangalia uzito, kona na tabia ya mbwa kabla ya kutoa pauni yake. Kijana wa Kampala hana cha kuangalia. Anatoa tu, na mashine imepangwa imbakizie mwenye duka. Mambo haya hayachelewi kufika Bukavu, na kutoka Bukavu hadi Walungu ni kilomita 40 na kitu. Zungumza na vijana wa nyumbani kabla pesa za maharage hazijaanza kwenda huko. Waambie wazi kwamba mbwa wale hawapo.

Na ikitokea siku mtu mwenye pesa akaja kwetu na mpango wa kujenga uwanja wa kushindanisha mbwa wa kweli, akiahidi kazi na watalii, msimkatalie kwa hasira. Mkalisheni, mpeni kasiksi anywe, kisha mwulizeni swali moja mbele ya watu wote: mbwa atakayeshindwa atalala wapi, na nani atamlisha? Akikosa jibu, mwonyesheni njia ya kurudi mjini.

Wasalimie mama, shangazi na majirani wote. Mbwa wako wadungwe chanjo ya kichaa mara veterineri akifika. Pesa zake nimezitia ndani ya bahasha hii.

Mdogo wako